Mwalimu wa Pili wa Kiingereza

Walimu wengi wa Kiingereza walipita katika shule moja ya Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, lakini aliyekaa ni mmoja. Wa kwanza alirudi kwao Arua vita vya 2016 vilipoanza, akaacha hata viatu vyake chini ya meza. Mwingine aligundua kwamba kuuza kadi za simu katika soko la Konyo Konyo kuna faida kuliko sarufi, akaaga Ijumaa na Jumatatu akaonekana sokoni chini ya mwavuli. Teopista ndiye aliyebaki.

Alikuwa mwanamke wa Hoima, Uganda, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo haikuhitaji kupandishwa ili isikike. Alivuka mpaka wa Nimule akiwa na cheti cha ualimu na sanduku moja, na nyuma yake aliacha kwa dada yake binti wa miaka saba aitwaye Daphine. Aliahidi kurudi baada ya miaka miwili. Sasa Daphine alikuwa msichana wa sekondari, mwenye haraka kila alipopigiwa simu, na mama yake alikuwa bado Juba.

Gumbo ilimjua. Vijana wa bodaboda walimwita Ustaza, yaani mwalimu, na kumpangusia kiti kabla hajapanda. Wazazi wasiojua kusoma walimsimamisha njiani awasomee karatasi ya daktari. Shuleni, wageni walipokuja, mwalimu mkuu aliwapitisha kwanza darasani kwake. Mwalimu mkuu huyo, Ustaz Arkangelo, alikuwa mwenyeji wa Juba aliyesomea ukimbizini kule Adjumani, na kwenye ukuta wa ofisi yake alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu kwamba ndani ya shule hii lugha ni Kiingereza peke yake. Wazazi waliupenda ukuta ule. Wengi wao walisoma kwa Kiarabu enzi za Khartoum, wengine hawakusoma kabisa, na walichotaka ni watoto wao waipate lugha ya ofisini.

Miongoni mwa watoto hao alikuwapo Apajok. Aliingia shuleni akiwa msichana mkubwa tayari, akitoka kambi ya waliokimbia makwao, na kwa muhula mzima hakufungua mdomo. Teopista alikaa naye baada ya masomo kwenye kivuli cha tangi la maji, wakisoma kitabu cha darasa la pili, kidole cha mwalimu chini ya kila neno. Siku Apajok aliposema sentensi yake ya kwanza nzima, akiomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, Teopista alimruhusu, kisha akageukia ubao ili darasa lisiuone uso wake. Tangu siku ile Apajok ndiye aliyembebea vitabu, ndiye aliyefuta ubao wake, na jioni ndiye aliyemsindikiza hadi barabara kubwa. Jirani yake Teopista, Prossy, Mganda mwenzake aliyekaanga chapati nje ya geti la shule, aliwahi kumsikia akisema "binti yangu amepata alama ya juu," na ikabidi amuulize ni binti yupi.

Kisha akaja Nyachuol.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyebebwa mgongoni hadi Kenya akiwa mchanga, akalelewa Eldoret, akasoma chuo kikuu huko huko, kisha akaamua kurudi katika nchi ambayo hakuwa na kumbukumbu nayo hata moja. Alikuja kazini amevaa raba nyeupe na nywele amesuka nyuzi ndefu. Arkangelo alimtambulisha asubuhi mbele ya walimu.

"Huyu ndiyo mwalimu wetu wa pili wa Kiingereza," alisema. "Yeye iko na digrii. Atachukua kidato cha nne. Madamu Teo amebeba mzigo miaka mingi, sasa apumzike kidogo."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Teopista kama mzigo ulikuwa mzito. Kidato cha nne ndicho kilichokuwa kinaandaliwa kwa mtihani wa taifa. Kidato cha nne ndimo alimokuwa Apajok.

Wakati wa chai Nyachuol alimfuata na kikombe chake mkononi. "Madamu, nimeskia sifa zako mpaka nikaogopa kuja," alisema, na Kiswahili chake kilikimbia kama cha watu wa Kenya. "Utanisaidia, ama?"

"Nitakusaidia," alisema Teopista. "Lakini hapa si Kenya."

Nyachuol akacheka. "Najua. Hapa ni kwetu, ni vile tu sijajua njia."

Hapa ni kwetu. Teopista alirudi nayo nyumbani ile kauli. Kila mwaka alipanga foleni ya kibali cha kazi, akipigwa picha na kuulizwa anafanya nini katika nchi hii. Alijua bei ya mkaa wa masika na wa kiangazi, alijua kichochoro gani kinajaa maji na kipi hakipitiki jioni. Huyu aliyekuwa hajui hata duka la mkate ndiye aliyeweza kusema hapa ni kwetu, tena kwa kicheko.

Wivu wake haukuja kama moto. Ulikuja kama vumbi la barabara ya Nimule: unafunga dirisha, unafagia, na asubuhi unalikuta tena juu ya mto wa kulalia. Mwanzoni ulikuwa mambo madogo. Aliona wanafunzi wakimzunguka Nyachuol wakati wa mapumziko, wakati yeye walimpisha njia kwa heshima, na kwa mara ya kwanza heshima ile ikamtia baridi. Alisikia jinsi msichana yule alivyotamka Kiingereza bila kukipima, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake gizani, naye akaanza kuyasikiliza matamshi yake mwenyewe, pale ambapo ulimi wa Hoima huchanganya herufi mbili, na darasani akawa anayakwepa maneno yenye herufi hizo. Asubuhi moja akamwona Apajok akivuka uwanja na rundo la vitabu kifuani. Teopista alinyoosha mikono kumpokea. Msichana akasimama, akaona haya.

"Samahani, Ustaza," alisema. "Hivi ni vya Ustaza Nyachuol."

"Ah. Haya, peleka," alisema Teopista, na mikono akaishusha polepole kana kwamba alikuwa anarekebisha kanga.

Siku ya wazazi ikawa mbaya zaidi. Mama yake Apajok, Aluel, alikuja kila mwaka na kila mwaka yeye na Teopista walikuwa na mtindo wao: walishikana mikono yote miwili, wakatazamana, wakabadilishana maneno machache ya Kiarabu cha sokoni, Aluel akatoa kopo la siagi ya karanga, basi. Mwaka ule Aluel alikaa na Nyachuol. Waliongea Kiarabu cha Juba, ambacho Nyachuol alikipata kwa wazazi wake huko huko Eldoret, mfululizo, kwa muda mrefu. Aluel alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya nguo, kisha akacheka tena. Teopista alikuwa ameketi kando yao na kati ya maneno matano alishika moja. Kabila la mama huyu na kabila la mwalimu huyu yalikuwa yamemwagiana damu, kila mtu alijua hilo, na Teopista, pasipo kumwambia mtu, alikuwa ametumaini kwamba wawili hawa hawatapatana. Alipowaona wameshikana mikono aliona aibu kwa tumaini lile. Lakini hakuliacha kwa furaha.

"Mama anasema asante," Nyachuol alimgeukia kumtafsiria. "Umemfundisha mtoto wake kuandika. Anasema sasa mtoto anaongea mpaka nyumbani, anamwelezea habari za redio."

Katika maneno yote yale Teopista alilisikia moja tu, lile "sasa".

Wiki iliyofuata alikuwa akipita nyuma ya darasa la kidato cha nne, akitoka chooni, aliposikia kicheko cha darasa zima. Akasimama chini ya dirisha. Ndani, kijana mmoja alikuwa akisimulia kwa Kiarabu jinsi mbuzi wa jirani alivyokula daftari la dada yake, na Nyachuol hakumkataza, alimchochea. Halafu akawaambia darasa waibebe hadithi ile yote, sentensi kwa sentensi, waivushe hadi kwenye Kiingereza, na wakaanza kubishana ni kitenzi gani kinafaa, mbuzi alikuwa anakula au alikuwa ameshakula. Walibishana kwa Kiingereza. Sauti iliyokuwa juu ya zote ilikuwa ya Apajok. Kwa miaka yote Teopista hakuwahi kuisikia sauti ile ikipanda. Alikuwa akidhani msichana yule ana sauti ndogo.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Arkangelo, akasimama pale pale chini ya maandishi mekundu.

"Sir, mimi sipendi maneno," alisema. "Lakini kidato cha nne wanasoma Kiarabu. Mimi nimesikia na masikio yangu. Mtihani iko karibu, na hii shule iko na sheria."

Arkangelo alivua miwani. "Kiarabu? Kwa kipindi cha Kiingereza?"

"Wanachekesha tu huko ndani. Mimi nasema kwa ajili ya watoto."

Kila alichosema kilikuwa kweli, isipokuwa maneno yale ya mwisho. Arkangelo alikuwa mtu mwema lakini aliwaogopa wazazi kuliko alivyomwogopa waziri. Kesho yake alisimama nje ya dirisha lile lile, akasikia Kiarabu, na hakungoja kusikia kilichofuata. Kabla ya juma kwisha Nyachuol alihamishiwa darasa la pili la msingi, kwa watoto wa kuimba alfabeti, na Teopista akarudishiwa kidato chake cha nne.

Jumapili Nyachuol alikuja kumtembelea. Teopista alikuwa ametoka kanisani, bado na nguo ya ibada, anapuliza jiko la mkaa mlangoni pa chumba chake, alipomwona anaingia uani na mkate umefungwa kwenye gazeti. Akadhani amekuja kugombana. Lakini msichana alimsalimia kwa adabu, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu yake mirefu.

"Madamu, nimeshushwa mpaka kwa watoto wa kamasi," alisema. "Si mbaya, ni watamu wale. Lakini kuna mtu alinichoma kwa ustaz. Alienda kunisema."

"Watu hapa wako na midomo," alisema Teopista, akimimina chai.

"Unaweza kufikiria ni nani?"

Chai ilifika ukingoni mwa kikombe, ikamwagika kidogo kwenye kisahani. "Mimi siwezi kujua," alisema Teopista. "Mimi nakaa na mambo yangu tu. Kula mkate."

Nyachuol alimtazama kwa muda, bila ukali, kisha akakata mkate vipande viwili. Walikula. Walizungumza habari za joto, na za lori la matanki ya maji ambalo halikuja siku mbili. Alipoondoka alimshukuru kwa chai. Teopista alikiosha kikombe alichonywea, akakisugua kwa majivu kama sufuria iliyoungua, na Prossy aliyekuwa akianika nguo akamuuliza kikombe kimemkosea nini.

Sasa darasa lilikuwa lake. Alijitayarisha kuliko alivyowahi kujitayarisha. Wanafunzi walisimama alipoingia, wakaketi alipoketi, wakaandika alichoandika. Alipouliza swali walitazama madawati. Apajok alirudia kuandika insha safi zisizo na kosa, na kimya chake kikarudi naye, kile cha kwenye kivuli cha tangi, ila kwamba zamani kilikuwa kimya cha asiyejua na sasa kilikuwa cha anayejua na hataki.

Siku moja Teopista alijaribu kitu ambacho hakumwambia mtu. Alifunga kitabu, akawaambia kwamba leo mmoja wao atasimulia kisa kwa Kiarabu, kisha watakivusha. Darasa likapigwa na butwaa. Hakuna aliyeinuka. Basi akaanza yeye mwenyewe, kwa kile Kiarabu alichokuwa nacho, Kiarabu cha kuulizia nyanya na kukataa bei ya bodaboda, akitaka kuwasimulia alivyofika Juba mara ya kwanza. Katikati ya sentensi ya pili akataka kusema kwamba alikuwa amechoka, akasema neno ambalo huko sokoni hutumika kwa samaki aliyelala, aliyeanza kunuka. Darasa lililipuka kwa kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, ndivyo hivyo hivyo walivyomchekea yule wa mbuzi, na kama angecheka nao pengine siku ile ingekwenda njia nyingine. Lakini alichosikia ni kwamba kwa mwenzake walicheka pamoja naye, na yeye wanamcheka. Akapiga meza kwa kiganja.

"Fungueni ukurasa wa arobaini," alisema.

Wakafungua.

Muhula ulipokwisha, Lubega, mwalimu wa hesabu, aliingia chumba cha walimu na habari. "Umesikia Nyachuol? Ameacha. Amepata kazi Thongpiny, kwa shirika moja la vijana. Anatengeneza vipindi vya redio vya kufundisha Kiingereza, kwa Kiarabu na Kiingereza vikichanganywa. Wanasema ndiyo kitu walikuwa wanatafuta." Akachovya chapati kwenye chai. "Kama angebaki na kidato cha nne asingeondoka mbele ya mtihani. Sasa ustaz alimweka kwa watoto wa alfabeti, nani atakaa huko?"

Teopista aliendelea kusahihisha, kalamu nyekundu ikienda yenyewe. Thongpiny ilikuwa mahali pa majumba yenye uzio mrefu na viyoyozi vinavyonguruma, karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa ameomba kazi kule zaidi ya mara moja, na kila mara aliambiwa kwamba nafasi ni za raia. Mkono uliomsukuma msichana yule chini ulikuwa umemsukuma juu, na mkono huo ulikuwa wake. Baada ya hapo alianza kumsikia redioni. Prossy aliweka redio yake juu ya pipa la unga pale nje ya geti, na jioni sauti ya Nyachuol ilitoka hapo, ikiuliza swali kwa Kiarabu, ikingoja, ikajibu kwa Kiingereza, na vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiri chapati walijibu pamoja nayo. Vijana wale wale wa Ustaza. Teopista akaanza kupitia geti la nyuma.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, Apajok alikuwa wa kwanza shuleni. Alikuja chumbani kwa Teopista na mama yake, na Aluel akamshika mikono yote miwili kama zamani, kopo la siagi ya karanga likiwa kwapani. Teopista alifurahi, alifurahi kweli, kwa muda wa kikombe cha chai. Kisha Apajok akasema, "Ustaza, nina ujumbe wako kutoka kwa Ustaza Nyachuol. Huwa naenda kwake Jumamosi. Anasema ofisini kwao wanatafuta mwalimu wa kufundisha wafanyakazi kuandika ripoti, alasiri. Amewaambia mtu anayejua kuandika hapa Juba ni wewe."

"Mimi?"

"Amesema uende umwone."

Alipokuwa peke yake Teopista alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika. Angetukanwa angejua la kufanya. Alikaa siku kadhaa akisema hataenda. Kisha akaenda, kwa sababu ile ilikuwa kazi, na kwa sababu alitaka kuiona ofisi hiyo kwa macho yake.

Aliikuta kama alivyoiogopa: ua uliofagiliwa, mlinzi mwenye kitabu cha wageni, meza safi dirishani na mmea wa kijani ndani ya kopo. Nyachuol alisimama akamkumbatia. Akamletea maji baridi na karkade, kile kinywaji chekundu cha maua. Akaanza kumweleza kazi: siku mbili kwa wiki, watu kumi hivi, wengi wanaongea vizuri lakini barua ikiwafikia wanatoroka. Teopista alimsikiliza na kila neno jema lilimchoma kama mwiba wa samaki kooni. Mwishowe akaweka glasi chini.

"Mimi ndiye nilikwenda kwa Ustaz Arkangelo," alisema. "Ile siku ya Kiarabu. Ni mimi."

Nyachuol hakushtuka. Alizungusha kalamu kwenye vidole. "Najua, Madamu. Ustaz aliniambia siku ile ile. Hajui kuficha kitu yule."

"Ulijua? Na ukakuja kwangu na mkate?"

"Nilitaka kuona kama utaniambia."

"Sikukuambia."

"Hukuniambia," alikubali Nyachuol. "Nililia njia yote mpaka kwa daraja, nikisema huyu mama sitaki kumwona tena. Baadaye nikasoma insha za Apajok, zile za kidato cha kwanza, ananionyesha zote. Nikaona vile ulikuwa unamrekebisha, pole pole, hata koma. Mimi sina hiyo subira. Mimi napenda kelele." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Kwa nini ulifanya hivyo? Si nilikuwa nakuheshimu?"

Teopista aliangalia mmea kwenye kopo. "Ulikuja na kila kitu," alisema. "Lugha, nchi, digrii. Mimi nilikuwa na ile darasa tu. Na ile mtoto."

Nje, ndege ilipaa, vioo vikatetemeka.

"Sitaki pole yako," alisema Nyachuol. "Kazi ni yako ukiitaka, sikukuita hapa ndio uombe msamaha. Lakini ukirudi Gumbo, mwambie ustaz ile njia ilikuwa inafanya kazi. Kuna watoto wengine wanakuja nyuma ya Apajok."

Jumatatu Teopista aliingia ofisini kwa Arkangelo akamwambia. Mwalimu mkuu alimsikiliza akiwa amevua miwani, akiyabinya macho kwa vidole.

"Wewe ndiyo ulisema, sasa ni wewe tena unasema," alilalamika. "Ile siku ulisema ukweli ama uongo?"

"Nilisema ukweli, sir. Lakini haikuwa kwa ajili ya watoto."

Arkangelo aliivaa tena miwani. "Malesh," alisema mwishowe, kwa namna watu wa Juba wanavyolisema neno hilo, ambayo ni samahani na pole na basi yaishe kwa pamoja. Ukuta haukufutwa, kwa sababu wazazi bado waliupenda. Lakini mwaka mpya ulipoanza aliwaambia walimu vijana kwamba Kiarabu kidogo cha kufafanulia si kosa, mradi Madamu Teo awe karibu kusimamia. Basi ikawa kazi yake kukaa nyuma ya darasa, mikono mapajani, akisikiliza watoto wakivusha visa vyao kutoka lugha moja hadi nyingine, na mara chache, mtu alipokwama, ndiye aliyemwonyesha koma inakaa wapi. Kiarabu chake kiliongezeka. Lile neno la samaki watoto walimsahihisha, na safari hii alicheka, ingawa alichelewa kidogo.

Na siku mbili kwa wiki, alasiri, alipanda bodaboda akavuka daraja kwenda Thongpiny. Alifundisha vizuri. Wafanyakazi walimwogopa kidogo, wakampenda kidogo, wakaanza kuandika ripoti zinazosomeka. Mlango wa darasa ulikuwa na kioo, na kila Nyachuol alipopita kwenye korido mle ndani, vichwa viligeuka. Watu walimsalimia kwa Kinuer, kwa Kiarabu, kwa Kiswahili cha Nairobi, naye akamjibu kila mmoja kwa lugha yake pasipo kupunguza mwendo. Teopista alingoja vichwa virudi, kisha akaendelea. Kati ya yote aliyomwonea wivu msichana yule, lililomuuma zaidi sasa si digrii wala ulimi. Ni ile Jumapili, kwamba alikaa kwenye kigoda akijua kila kitu, akakata mkate, akashukuru kwa chai. Teopista alijipima na jambo lile akajua kwamba yeye asingeweza.

Alasiri moja, baada ya kipindi, mwanafunzi wake aitwaye Mading, mtu mzima aliyesimamia stoo ya shirika, alibaki nyuma akipanga karatasi zake.

"Ustaza," aliuliza, "wewe ndiye ulimfundisha Nyachuol? Watu wanasema mlikuwa shule moja huko Gumbo."

Neno ndiyo lilikuwa limeshamfika mdomoni, tamu, na hakuna ambaye angekuja kulikanusha.

"Hapana," alisema Teopista. "Nilimkuta anajua." Akachukua mkoba wake, akatoka kwenda kutafuta bodaboda, na njia nzima hadi darajani jibu lile bado lilikuwa likimuuma.